Karatasi Imesema "Positif", Sasa Tuongee

Wadogo zangu wa Kabezi, na ninyi wa Magara, Minago hadi Rumonge mnaosoma kona hii huku ndagala zikikauka juani, leo nina neno zito nanyi. Kuna karatasi inayokunjwa mara nne ikafichwa kwenye pochi, katikati ya Biblia au Kurani, au chini ya godoro. Imetoka maabara, imeandikwa Kifaransa, na mstari mmoja umezungushiwa duara kwa kalamu: AgHBs, positif. Mwenyewe aliambiwa harakaharaka kwamba ana epatiti B, yaani homa ya ini aina ya B, na kwamba arudi baadaye kuonana na daktari. Akatoka nje hajui kama anakufa, kama ameshawaambukiza wanawe, kama bado anaruhusiwa kuingia jikoni. Wapo waliorudi. Wapo walioikunja karatasi wakaendelea na shughuli zao, na hao ndio hasa ninaowaandikia, kwa sababu safari ya pili ya maabara ina faida kubwa kuliko ile ya kwanza.

Tuanze na hizo herufi. AgHBs ni protini ya ganda la nje la kirusi cha homa ya ini B. Ukichomwa kidole likatoka tone la damu, kile kipimo cha haraka kinatafuta ganda hilo, na ndani ya nusu saa jibu linakuwa tayari. Positif maana yake kirusi kimo mwilini mwako sasa hivi, na unaweza kumwambukiza mwingine. Basi, yanaishia hapo. Karatasi haikusema kirusi kiliingia lini. Haikusema kimetoka kwa nani. Haikusema ini lako limeumia au liko salama. Nawaona watu wakilia, na wengine wakivunja ndoa, kwa majibu ambayo karatasi haikuwapa kabisa.

Na wewe uliyepewa negatif, usiondoke mbio. Kama ulijichoma na sindano yenye damu ya mtu wiki iliyopita, au ulilala na mtu mwenye ugonjwa huu bila kinga, kirusi bado hakijafika kiwango cha kuonekana. Kwa kawaida kinaanza kuonekana baada ya mwezi mmoja hivi, wakati mwingine hadi miwili. Rudi upime tena. Ila kabla ya hapo, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo ukaombe chanjo, kwa sababu chanjo inayotolewa mapema baada ya ajali ya namna hiyo inaweza kuzuia ugonjwa usishike.

Swali la kwanza ambalo daktari atataka kulijibu ni hili: kirusi kimepita tu, au kimehamia? Mpaka wa kuhesabia ni miezi sita. AgHBs ikiwa bado ipo miezi sita baada ya kipimo cha kwanza, ugonjwa unaitwa sugu. Na hapa umri ulioambukizwa ndio unaoamua karibu kila kitu. Mtu mzima mwenye afya njema akiambukizwa ukubwani, mwili wake mara nyingi sana unashinda wenyewe. Katika watu 100 wa namna hiyo, hata watano hawabaki nacho. Mtoto aliyeambukizwa kati ya mwaka mmoja na mitano yuko kwenye hatari kubwa zaidi, kama 30 kati ya 100. Lakini kichanga anayekipata kutoka kwa mama yake wakati wa kuzaliwa, 90 kati ya 100 wanabaki nacho, wanakua nacho, wanaoa na kuolewa nacho, na hawaumwi kichwa wala tumbo kwa miaka 20 au 30. Hesabu hizo ziweke akilini, zitatusaidia tukifika kwa wajawazito.

Kwa hesabu hizohizo utaelewa pia jinsi pesa za watu zinavyoliwa. Kijana wa miaka 25 anaugua: macho ya manjano, mkojo mweusi kama chai, uchovu, kichefuchefu, maumivu chini ya mbavu za kulia. Anapelekwa kwa mtu wa mizizi, anakunywa chupa tatu, baada ya wiki kadhaa macho yanakuwa meupe. Mtaa mzima unasema dawa ya fulani inamaliza epatiti. Ukweli ni kwamba mwili wa kijana yule ungepona hata kama angekunywa uji tu. Kesho anakwenda mama wa watoto wanne ambaye kirusi anacho tangu kuzaliwa, anauza mbuzi, anakunywa chupa zilezile, anajisikia vizuri kwa sababu tangu mwanzo hakuwa na dalili, anaacha kwenda hospitali. Akirudi miaka mitano baadaye tumbo limejaa maji. Mimi hili linaniuma sana, maana sifa ya yule kijana ndiyo iliyomuua yule mama. Na baadhi ya hiyo mizizi yenyewe inaunguza ini.

Tumbo likijaa maji, sisi huku tuna jibu jingine tayari: amelishwa sumu, amerogwa. Familia zinagombana, jirani anatazamwa kwa jicho baya, wakati mwingine anafukuzwa na watu wa mlima wake. Tafadhali, kabla ya kumtaja mtu, mpeleke mgonjwa apimwe damu na afanyiwe ekografia. Ini lililoharibiwa na epatiti B linafanya tumbo kuvimba hivyohivyo. Na sisi wa kando ya Ziwa Tanganyika tuna kichocho cha tumbo pia, ambacho nacho kinaumiza ini na kuvimbisha tumbo, na kina dawa yake. Jirani yako hana hatia katika hayo yote mawili.

Sasa niongee na wanandoa, kwa sababu barua mnazoniandikia kuhusu ugonjwa huu mara nyingi zinaanza na machozi ya ndoa. Mke ndiye anayepimwa kwanza, akiwa mjamzito. Anarudi na karatasi, mume anauliza: umeitoa wapi? Mdogo wangu, na wewe shemeji, nisikilizeni. Kirusi hiki kinapita kwenye damu na kwenye maji ya uzazi, ndiyo, ngono ni njia moja. Lakini katika nchi zetu watu wengi walionacho walikipata utotoni: kwa mama wakati wa kujifungua, kwa ndugu waliocheza pamoja wakiwa na vidonda, kwa wembe wa chale, kwa kisu cha aliyekata kimio, kwa sindano iliyochemshwa vibaya zamani. Kipimo cha AgHBs hakina uwezo wa kukuambia ni njia ipi, wala ni mwaka gani. Mke mwenye positif na mume mwenye negatif inaweza kuwa hadithi ya siku aliyozaliwa yule mke. Anayeitumia karatasi hii kama ushahidi wa uzinzi anamwonea mwenzake.

Kinachotakiwa siku hiyo ni kwenda wawili. Mume apimwe, watoto wote wapimwe, hata yule mkubwa anayesoma Bujumbura. Wadogo na kaka wa mwenye ugonjwa nao, na mama mzazi kama yu hai, maana kwenye epatiti B ukimpata mmoja mara nyingi nyuma yake kuna ukoo. Mwenye negatif na hana kinga achanjwe dozi tatu: ya leo, ya mwezi mmoja baadaye, na ya mwezi wa sita. Mpaka amalize chanjo, tumieni kondomu. Akishamaliza, kipimo cha Ac anti-HBs kinaweza kuonyesha kama kinga imeshika. Ikifika 10 na kuendelea, amelindwa, na mnaweza kuendelea na ndoa yenu bila hofu ya ugonjwa huu.

Na mambo mengine ya nyumbani yaacheni kama yalivyokuwa. Sahani moja, kikombe kimoja, kitanda kimoja, kukumbatiana, kumbusu mtoto shavuni, kukohoa, mbu, hakuna hata kimoja kinachoambukiza epatiti B. Nimesikia mama akitengewa bakuli lake pembeni kama mtu wa ukoma wa zamani, watoto wakikatazwa isombe aliyoipika. Huo ni ukatili, na hauzuii chochote. Kinachotakiwa kutengwa ni vitu vinavyogusa damu: wembe, mswaki, kikatia kucha, hereni, na kidonda kifunikwe. Damu ikimwagika, mwagia javeli iliyochanganywa, kipimo kimoja cha javeli kwa tisa vya maji, iache dakika kumi ndipo ufute, ukiwa umevaa glavu au hata mfuko wa plastiki mkononi.

Vijana wa mitumbwi, hapo kwenye wembe nina neno nanyi. Mchana ule mnaposubiri giza liingie mkawashe taa zenu ziwani, mnakaa kwenye mchanga mnanyoana. Nimeona kwa macho yangu wembe mmoja ukinyoa ndevu za wa kwanza, ukapita kwa wa pili, ukakata uzi wa wavu, ukarudi kukata kucha za wa tatu ambaye kidole chake kilikuwa tayari kimechanwa na ndoano. Kirusi hiki kinaweza kukaa hai nje ya mwili siku saba na zaidi, hata kwenye damu iliyokauka usiyoiona kwa macho. Samaki hana kosa, mikeke haileti epatiti. Damu ya mwenzako ndiyo inayoleta. Kila mtu na wembe wake, na anayenyoa kwa mashine sokoni mwambie aisafishe kwa dawa mbele yako, akinuna nenda kwa mwingine. Na zile sindano za mtaani, anazochoma mtu asiye muuguzi chumbani kwake, zikataeni.

Sasa wajawazito. Hapa nitakaa kidogo.

Kabezi tunajua maana ya kufika hospitali kwa wakati. Mwaka 2006 Madaktari Wasio na Mipaka walifungua kwetu kituo cha dharura za uzazi, na ambulensi zikawa zinapanda milima ya Bujumbura Vijijini usiku na mchana kuwachukua wanawake waliokwama kwenye uchungu. Shirika hilo lilikadiria kwamba kwa mwaka 2011 vifo vya uzazi katika eneo hilo vilipungua kwa asilimia 74. Wengi mnaonisoma mlizaliwa au mlizalia pale. Tulijifunza kwamba saa chache zinaweza kuamua kama mama atarudi nyumbani. Kwa epatiti B, saa zinazohesabiwa ni 24 za kwanza za maisha ya mtoto.

Ukienda CPN, yaani kliniki ya wajawazito, damu yako itachukuliwa kwa ajili ya VVU na kaswende. Uliza wazi: na epatiti B je? Kipimo kikiwepo, pimwa mimba ikiwa bado changa. Kisipokuwepo, uliza kipo hospitali gani, na usiseme utaenda ukipata nafasi. Ikitoka positif, kuna mambo mawili yanayoweza kumkinga mwanao. La kwanza ni dawa kwako wewe, tenofovir, kidonge kimoja kwa siku. Shirika la Afya Duniani linaielekeza kwa mjamzito ambaye kirusi chake ni kingi sana kwenye damu, uniti 200,000 kwa mililita na kuendelea, au ambaye kipimo kingine cha damu, AgHBe, kimetoka positif. Mwongozo wake wa mwaka 2024 umeongeza kwamba pale ambapo vipimo hivyo viwili havipatikani, mjamzito yeyote mwenye AgHBs positif anaweza kupewa dawa hiyo kuanzia miezi ya katikati ya mimba. Neno hilo likariri umwambie mkunga: kukosekana kwa mashine kusiwe sababu ya kukunyima kinga ya mtoto.

La pili ni chanjo ya mtoto ndani ya saa 24 tangu kuzaliwa. Hii ni sindano ya peke yake, tofauti na ile pentavalenti tuliyoizoea ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Pentavalenti ina epatiti B ndani yake, na Burundi inaitoa tangu mwaka 2004, jambo jema kabisa. Lakini wiki ya sita ni mbali mno kwa mtoto aliyekutana na kirusi siku anazaliwa. Katika Kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani, takwimu za mwaka 2022 zilionyesha kwamba ni watoto 18 tu kati ya 100 waliopata ile dozi ya siku ya kwanza, wakati zaidi ya nusu ya maambukizi mapya ya dunia yanatokea katika kanda hiyohiyo yetu. Kwa hiyo usisubiri siku ya uchungu kuuliza. Mwezi wa saba au wa nane wa mimba, uliza utakapozalia: dozi ya epatiti B ya kichanga ipo? Isipokuwepo, muulize daktari ni wapi ilipo Bujumbura, na kama inaweza kuletwa au wewe uzalie huko. Ndiyo maana nasema usizalie nyumbani, hata kama mimba nne za kwanza zilikwenda salama mikononi mwa mama mkwe. Tangu mwaka 2006 kujifungua katika vituo vya serikali ni bure, na watoto walio chini ya miaka mitano wanatibiwa bure. Haki hiyo itumie.

Maswali mengine ya wajawazito nayajibu kwa ufupi. Nyonyesha, maziwa yako ni salama, hata ukiwa kwenye tenofovir. Huhitaji kupasuliwa kwa sababu ya epatiti B peke yake. Mtoto akimaliza pentavalenti zote na kufikisha miezi 9 hadi 12, apelekwe kupimwa AgHBs na kinga, ili ujue kweli ameepuka mtego. Na baada ya kujifungua, wewe mama usisahaulike: usiache dawa bila daktari kukuambia, na baada ya kuiacha upimwe, maana ini linaweza kuwaka.

Tuje kwenye matibabu, na kwenye zile herufi nyingine zilizobaki kwenye karatasi. Siyo kila mwenye positif anaanza dawa leo. Hilo linawachanganya watu: wanaambiwa wana ugonjwa, kisha wanaambiwa warudi baada ya miezi sita bila hata kidonge kimoja, wanaona wamedharauliwa. Daktari anatafuta kitu cha pili: ini limeumia kiasi gani, na kirusi kinafanya kazi au kimetulia? Kwenye karatasi utaona ALAT na ASAT, hivyo ni vimeng'enya vinavyomwagika kwenye damu seli za ini zikiumia. Utaona plateleti kwenye kipimo cha damu cha kawaida. Daktari akichukua ASAT yako na plateleti anapiga hesabu inayoitwa APRI, na hiyo haihitaji mashine ya ajabu. Kwa mtu mzima, ikizidi 0.5, mwongozo wa 2024 unasema ini lina makovu ya kutosha na dawa ianze. Ikizidi 1, inawezekana limeshakakamaa. Kisha kuna charge virale, wingi wa kirusi. Ikizidi uniti 2,000 na ALAT iko juu ya kawaida, dawa ianze. Mwenye VVU, mwenye ndugu aliyekufa kwa saratani ya ini, mwenye kisukari au ini lenye mafuta, naye sasa anaingizwa kwenye matibabu mapema kuliko zamani. Mashine za GeneXpert ambazo hospitali zinazitumia kwa kifua kikuu zina uwezo wa kupima hiyo charge virale, mradi katriji ya epatiti B iwepo. Uliza. Katika nchi zetu milango hufunguliwa na watu wanaouliza.

Usiyeanza dawa, miadi yako ni kila miezi sita hadi mwaka: ALAT, plateleti, na ekografia kama daktari atakavyoona. Kirusi kilichotulia mwaka huu kinaweza kuamka mwaka ujao, na ini halina desturi ya kuuma mapema. Mwishoni mwa mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilikadiria watu milioni 254 wanaishi na epatiti B sugu. Waliokuwa wanajua kwamba wanayo ni 13 tu kati ya 100, waliokuwa kwenye dawa ni kama 3. Kwa Afrika, waliojua hawafiki hata 5 kati ya 100. Wewe mwenye karatasi kwenye pochi, uko katika wale wachache waliopewa nafasi ya kujua kabla ini halijaharibika. Itumie.

Dawa yenyewe ni tenofovir, miligramu 300, mara moja kwa siku, au entecavir kwa wengine, hasa wenye shida ya figo. Inakizuia kirusi kisizaliane, ini linapata nafuu, makovu yanaweza hata kupungua, na hatari ya saratani inashuka. Lakini haikitoi chote mwilini. Ni sawa na kuchota maji kwenye mtumbwi wenye tundu: ukichota huzami, ukiacha kuchota maji yanapanda tena, na wakati mwingine yanapanda kwa kasi mpaka ini linashindwa. Kwa walio wengi ni dawa ya miaka mingi, pengine ya maisha. Figo zinapimwa kabla ya kuanza na mara kwa mara baadaye. Kabla ya kuanza, lazima pia upimwe VVU, kwa sababu mwenye VVU akimeza tenofovir peke yake anakifundisha kirusi cha VVU ukaidi. Na mwenye VVU aliye kwenye vidonge vya VVU viitwavyo TLD, habari njema: tenofovir imo ndani yake, unatibiwa magonjwa yote mawili kwa kidonge kimoja.

Kuhusu kuonekana na hicho kichupa, najua. Tenofovir watu wanaijua kama dawa ya VVU. Mtoto wa jirani anaingia kuomba chumvi, anaona chupa juu ya kabati, jioni mlima mzima unajua una ukimwi. Dada mmoja alihamishia vidonge kwenye kikopo cha vitamini, akasahau kipi ni kipi. Usifanye hivyo. Vitunze kwenye chupa yake, ndani ya sanduku lako, na chagua mtu mmoja tu wa nyumbani umwambie ukweli wote, awe ndiye wa kukukumbusha. Wengine huwapi maelezo, huna deni nao. Na kama utaamua kusema, sema kwa kujiamini: ni dawa ya ini.

Bei isikutishe kabla hujauliza. Shirika la Afya Duniani liliandika mwaka 2024 kwamba tenofovir inaweza kununuliwa kwa takribani dola 2.4 kwa mwezi kwenye soko la dunia, ingawa nchi nyingi bado zinalipa zaidi. Ukitajiwa bei ya kuuza shamba, omba jina la dawa liandikwe kwenye karatasi, kisha ulizia kwenye hospitali za serikali za Bujumbura, Kamenge au Prince Régent Charles, kabla hujalipa. Chanjo ya watu wazima nayo inauma mifukoni. Uganda walianza mwaka 2015 kuwapima na kuwachanja watu wazima bure, wakianzia wilaya za kaskazini. Ningependa sana kuona meza ya namna hiyo siku ya soko Kabezi na Rumonge, na wale tunaowachagua waulizwe itakuja lini.

Pombe, mwenye epatiti B, acha. Najua urwagwa wa harusi, najua Primus ya jioni, na kanyanga ndiyo mbaya kuliko zote. Sikupimii kiasi, ini lenye kirusi halina kiasi salama cha pombe. Karanga na mahindi yenye ukungu yatupe, hata kuku usimpe, kwa sababu sumu ya ukungu huo ikikutana na epatiti B inaongeza mara nyingi hatari ya saratani ya ini. Kausha vizuri, weka juu ya chanja, chambua nyeusi na zilizokunjamana kabla ya kusaga. Mawese, samaki, maharage, mboga, kula bila wasiwasi; sijui nani alianzisha kwamba mgonjwa wa ini asile mafuta wala mayai. Na ukiumwa kichwa, parasetamoli kwa kipimo tu, usimeze mbili mbili kila saa.

Mwisho ni hili la dawa kuisha. Vidonge vikibaki vya wiki mbili, anza safari ya kufuata vingine. Barabara yetu ya kando ya ziwa tunaijua: mvua ikiteremsha udongo wa mlimani inafungwa, na mafuta ya gari yakikosekana unaweza kukaa kituoni kutwa nzima bila basi. Beba karatasi zako zote kwenye mfuko wa plastiki, ya kwanza kabisa hadi ya mwisho, tarehe zionekane, ili daktari yeyote utakayemkuta zamu asikuanzishe upya. Na ukienda, mchukue na yule mdogo wako ambaye hajapimwa.